Mkono Unaojua Kuacha

Kiangazi cha Katanga huanzia usoni. Mvua zikikatika mwezi wa nne, hewa ya nyanda hizi, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hukauka. Baridi ya usiku wa Juni na Julai hupasua midomo, na mchana jua huchoma hata mtu aliyevaa koti. Mokambo huongeza la kwake. Ni mji mdogo wa mpakani, Mufulira ya Zambia ikiwa ng'ambo tu, na ni mmoja wa milango ambayo malori hutokea na shaba na kurudi na shehena za madukani. Kila gurudumu huinua udongo mwekundu. Udongo huo hutua kwenye mashati, kwenye mikate ya wachuuzi, kwenye kope za watu.

Mahali kama hapa, mtu akisema anakwenda saloni kusafishwa uso, hawakosi wa kumcheka. Wataiita anasa ya wake za mabosi wa migodi kule Lubumbashi. Mimi naiita kazi ya fundi, na nina sababu ya kuiheshimu kuliko kazi nyingi za mikono. Seremala hujulikana kwa alichokifanya. Fundi hodari wa uso hujulikana kwa vitu alivyoviona, akaweza kuvitoa, akaviacha.

Saloni ninayoiwaza haina kibao cha kuvutia macho. Mbele wanasuka nywele, redio inaimba, watoto wanaingia na kutoka. Nyuma ya pazia kuna kiti cha kuegemea kilichowekewa mto, rafu ya chupa, na beseni. Umeme ukiwapo, kuna mashine ndogo ya mvuke. Ukikatika, na hukatika, maji huchemshwa kwenye mbabula, jiko la makaa, nje ya mlango, humiminwa katika beseni, nawe unainamishwa juu yake na taulo kichwani. Matokeo ni yale yale.

Kazi yenyewe haianzii kwenye uso wako. Inaanzia kwenye mikono ya fundi: kucha fupi, hakuna pete, sabuni mpaka viwiko, kisha viganja vinasuguliwa mpaka vipate joto. Halafu anakaa nyuma ya kichwa chako na kuuliza: "Unapakalaka nini ku sura, yaya?"

Usidhani ni swali la kupitisha muda. Anataka majina. Sabuni gani, mafuta gani, nani aliyachanganya, tangu lini. Ukimjibu "sabuni tu", atauliza kama ni ile ya kufulia. Wengi wetu tumeoshwa nyuso kwa sabuni ya kufulia tangu utotoni, na mpaka leo uso usiolia chini ya vidole tunauona haujatakata. Lakini ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, na sabuni ya mche ni kinyume chake. Huondoa uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi imejitengenezea ili isipoteze maji. Katika kiangazi chetu, huko ni kumvua mtu koti halafu ukamsimamisha barazani alfajiri. Kwa hiyo fundi huanza na mafuta, kwa kuwa mafuta huyeyusha mafuta, kisha husafisha mara ya pili kwa kitu laini cha maji. Pamba ya kwanza hutoka na rangi ya barabara ya Mokambo. Ya tatu au ya nne hutoka nyeupe, naye huacha hapo hapo. Asiyejua kazi angeendelea kusugua.

Baada ya hapo ndipo mvuke. Watu husema mvuke hufungua vitundu vya ngozi. Vitundu havina milango. Kinachotokea ni kwamba joto na unyevu hulainisha mafuta yaliyoganda na ngozi iliyokufa, ili visije vikatolewa kwa nguvu. Dakika chache zinatosha, na wapo ambao hawapewi mvuke kabisa. Nitawafikia.

Sehemu ninayoipenda kuitazama, ikiwa aliyelala ni mwingine, ni ya kukamua. Hapa ndipo fundi hutengana na mkamuaji. Vile vidoa vyeusi vya puani, ambavyo akina mama hutuambia ni uchafu, si uchafu. Ni mafuta na chembe za ngozi vilivyoziba kitundu, vikawa vyeusi kwa rangi ya ngozi yenyewe na kwa kukutana na hewa. Huwezi kuvifua. Fundi hujifunga karatasi laini kwenye vidole viwili vya shahada, haleti kucha karibu, husukuma kwanza chini na kisha ndani, pande zote mbili kwa uzito mmoja. Kikitoka, kimetoka. Kisipotoka kwa jaribio la pili, anahama. Nimemwona akiwasha tochi ya simu, akavuta ngozi ya taya kwa kidole gumba, akatazama uvimbe mmoja mwekundu kwa muda mrefu ambao mteja alianza kuuonea wasiwasi, akasema, "Hapa leo hatutagusa. Acha ipone kwanza."

Mteja alinung'unika, kwa sababu alikuja kwa ajili ya uvimbe huo huo. Lakini fundi alikuwa anajua jambo ambalo ngozi nyeusi humfundisha kila anayeishika vibaya. Ngozi yetu ikijeruhiwa hujibu kwa rangi. Chunusi ambayo ingeondoka yenyewe baada ya siku chache, ikiminywa kwa kucha, huacha doa la miezi. Mkamuaji mwenye haraka humridhisha mteja jioni ile. Doa litakuja baadaye, na mteja atalilaumu jua, chakula, au jirani mwenye kijicho. Kwa hiyo kujizuia kwa fundi si woga wala uvivu. Ni kuijua ngozi iliyo mbele yake.

Wanaume nao huja, ingawa huingia wakitazama nyuma. Mokambo ina madereva wanaokaa siku nyingi wakisubiri karatasi, na si wachache wanaotoka Tanzania, wakiwa wamepita Tunduma na Zambia nzima. Utasikia Kiswahili cha Dar es Salaam na cha Katanga vikikutana juu ya kidevu kimoja. Dereva: "Dada, zikamue tu hizi, zimenichosha." Fundi: "Hii haiko chunusi, papa. Njo ndevu inarudia mu ngozi." Ndivyo ilivyo. Unywele uliojisokota, ukikatwa karibu mno na ngozi kwa wembe, hujikunja na kujichoma ulikotoka, na mwili huupokea kama mgeni mbaya. Kuukamua ni kuongeza kidonda. Fundi alichukua sindano aliyoisafisha, akainua ncha ya unywele mmoja mpaka ikawa huru, bila kuung'oa, kwa kuwa ukiung'oa utaota tena chini kwa chini. Akainua wa pili, wa tatu. Kisha akamwagiza aache ndevu ziote kidogo, na siku ya kunyoa atumie mashine isiyogusa ngozi, afuate zinakolalia. Dereva alilipa kwa kwacha. Hapo mpakani franka, kwacha na dola hukaa katika kopo moja.

Sasa niwataje wale wasiopewa mvuke. Ni watu wa mkorogo, kama Watanzania wayaitavyo mafuta ya kung'arisha ngozi. Utani wa "uso wa Fanta, miguu ya Koka" unajulikana kila mahali, na hauchekeshi ukiwa nyuma ya pazia. Fundi huwatambua kwa kutazama vidole tu: viungo vya vidole hukataa kubadilika rangi, hata uso ukishakuwa wa mtu mwingine. Yaliyomo katika makopo ya mkorogo yanajulikana. Kuna hidrokinoni, dawa ambayo jamaa zake wa kemikali walijulikana mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, pale wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliovaa glavu za mpira walipoanza kupoteza rangi ya mikono. Ikitumiwa kwa miaka huweza kugeuka na kuacha madoa ya weusi wa samawati yasiyofutika, na Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Kuna zebaki, ambayo huharibu figo, na ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeilenga hata ndani ya vipodozi. Kuna klobetasoli, dawa kali ya hospitali iliyotengenezwa kwa maradhi ya ngozi na kwa muda mfupi, ambayo watu hujipaka kila asubuhi kwa miaka. Hiyo huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Ukiiacha ghafla, uso huwaka. Rwanda ilipoamua mwishoni mwa mwaka 2018 kutekeleza katazo lake, polisi waliingia madukani na kukusanya makopo. Mpaka wowote wenye pilikapilika una makopo hayo, na Mokambo ni mpaka.

Fundi ninayemsifu ana sentensi moja kwa wanaomwomba mchanganyiko: "Rangi ya mutu miye sigusake." Husema bila kuhubiri, akiendelea kupanga chupa zake. Sentensi hiyo humgharimu wateja, maana hatua chache kutoka kwake yupo atakayechanganya. Na wale ambao tayari wameungua hawafukuzi. Huwaosha kwa maji ya vuguvugu, huwapaka mafuta ya kulainisha, huwakanya wasiende juani bila kinga, na akiona ngozi imekonda huwatuma kwa daktari wa ngozi Lubumbashi. Yeye si daktari, na analijua hilo kuliko wauza makopo.

Nichepuke kidogo. Kinga ya jua iliyo rahisi kupatana na ngozi iliyoumizwa ni ile yenye oksidi ya zinki, na zinki ni ya kwetu: mgodi wa Kipushi, jirani na Lubumbashi, uliofungwa mwaka 1993, ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Hata malakiti, jiwe la kijani ambalo vijana wa Katanga hulichonga sanamu za kuuza, Wamisri wa kale waliisaga wakapaka kwenye kope. Tunachimba vipodozi vya dunia na kupaka zebaki. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, lakini turudi kwenye kiti.

Udongo humalizia kazi. Udongo mweupe, pemba, unauzwa sokoni kwetu kwa vipande, na wajawazito huula. Mikononi mwa fundi udongo safi hulowekwa na kupakwa uso mzima, isipokuwa kuzunguka macho na midomo. Wengi huuacha mpaka upasuke, wakiamini ndivyo unavyofanya kazi. Fundi huuondoa ungali na unyevu, kwa sababu udongo uliokauka huanza kuinyonya ngozi yenyewe. Hapo tena, kujua pa kuacha. Sanaa hii haikuletwa na wenye saloni za kifahari. Helena Rubinstein, mmoja wa wenye saloni hao, alipofungua saloni yake London mwaka 1908, mabibi wa Unguja walikuwa na liwa yao, na somo alikuwa akimsinga mwali kwa singo ya maua na viungo mpaka ngozi ing'are; Komoro walisaga sandali juu ya jiwe la tumbawe na kuipaka mashavuni, na wanawake wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji walijipaka mussiro mweupe. Wote hao walijua kitu ambacho tangazo la redio halikijui: uso hutunzwa kwa siku nyingi na kwa vitu vichache. Ngozi huchukua kama wiki nne kujibadilisha, zaidi kwa mtu mzima, na hakuna chupa inayoweza kuiharakisha bila kuidai baadaye.

Kuhusu kukandwa uso nitasema machache. Mafuta kidogo, vidole kutoka kidevuni kuelekea masikioni, kutoka katikati ya nyusi kuelekea nyweleni. Wanawake wanaovusha bidhaa Mokambo hubeba mizigo kichwani tangu alfajiri, hubishana na kila mwenye mhuri, na taya zao hukaza bila wao kujua. Wengine husinzia kitini kabla fundi hajafika kwenye paji la uso. Sidhani ngozi inafaidika sana na hatua hii. Mtu ndiye anayefaidika, na hiyo yatosha kuilipia.

Kazi kama hii haina cheo. Wazazi hawamwambii binti asome ili awe fundi wa nyuso, na gazeti likiandika juu ya saloni huandika juu ya harusi. Ilhali anayeifanya vizuri anapaswa kujua kemia kidogo, usafi kama wa muuguzi, na ujasiri wa kumkatalia mteja mwenye pesa mkononi. Huo wa mwisho haufundishwi popote.

Kwa hiyo, msomaji, ukikwama Mokambo karatasi zako zikingoja mhuri, na ukaamua kuupumzisha uso, itazame kwanza mikono ya fundi. Ikiwa hakuiosha mbele yako, mwambie aioshe. Ukiahidiwa weupe wa wiki moja, chukua mkoba wako utoke. Lakini ukimpata anayekuuliza unapaka nini kabla hajakugusa, na anayethubutu kukuambia kwamba leo kitu fulani hakitaguswa, usimwombe apunguze bei.