Siri au Stara? Vifupisho katika Barua za Askari

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945), askari wa Uingereza walizoea kuandika mgongoni mwa bahasha herufi chache zilizofumba maneno ya mapenzi. SWALK ilimaanisha kwamba barua imefungwa kwa busu la upendo. ITALY, kwamba mwandishi anamwamini na kumpenda mpokeaji. HOLLAND, kwamba anatumaini penzi lao litadumu lisife. BURMA na NORWICH zilimtaka mke awe tayari, amevua nguo. Husemwa kwamba vifupisho hivi vilitungwa ili kumkwepa mkaguzi wa barua. Rai hiyo haitoshelezi.

Mkaguzi alitafuta habari za mahali kikosi kilipo na kinakokwenda, busu halikumhusu. Isitoshe, SWALK iliandikwa nje ya bahasha, mbele ya macho ya tarishi na mama mkwe. Siri gani hubandikwa mlangoni? Lakini barua ya kawaida ilisomwa na ofisa wa kikosi kile kile, ambaye kesho yake askari angesimama mbele yake. Kilichofichwa basi si habari, bali ni haya ya msemaji. Hiyo ni stara, wala si siri. Ndiyo kazi ya jina la leso kwetu: wote hulisoma, aliyekusudiwa hulielewa zaidi.

Tofauti imo katika fani. Kiingereza hutenga nafsi, kitenzi na yambwa, kila kimoja na herufi yake. Kiswahili huviunganisha: "nakupenda", "nakuamini" na "nakungoja" ni neno moja moja, na kila moja hutoa N tu.

Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, nao barua zao zilikaguliwa. Wengi hawakujua kuandika. Maneno yao yalipitia mkono wa mwandishi na, nyumbani, kinywa cha msomaji. Herufi za bahasha zingemfaa nini mke anayesomewa? Stara ya barua hizo haina budi kutafutwa katika mpangilio wa salamu, katika methali, na katika jina lililoachwa makusudi. Mhakiki atakayetafuta vifupisho humo atazihukumu kuwa barua kavu, zisizo na mapenzi. Ukavu huo utakuwa wa kipimo chake, si wa waandishi.