Visanduku Milioni Moja

Riziki yangu inatoka kwenye fomu za mtandaoni: za mikopo, za usajili, za bima. Kila moja ina visanduku vya kutia alama ya vema, na cha mwisho karibu siku zote ni kile cha kukubali vigezo na masharti. Hakuna anayekibofya kwa furaha. Watu hukibofya ili wapite.

Ndiyo maana mwishoni mwa Juni 2024, mtengeneza programu wa Marekani aitwaye Nolen Royalty alipofungua ukurasa wa One Million Checkboxes, niliutazama kama seremala anayemwona mwenzake kachonga mwanasesere kwa mabaki ya mbao zilezile anazotengenezea madawati. Ukurasa ulikuwa na visanduku 1,000,000, basi. Ukitia vema kimoja, kinakuwa na vema kwa kila mtu aliye pale, awe Mombasa au Oslo. Akija mwingine akakifuta, kimefutika na kwako. Hapakuwa na zawadi wala mshindi, wala pa kuandika jina. Haukuwa na faida yoyote, na mwenyewe hakujifanya kwamba unayo.

Lakini uangalie ulivyojengwa.

Anza na kumbukumbu. Fundi mwenye haraka angeandika neno zima kwa kila kisanduku, kuonyesha kama kina vema au hakina, na orodha hiyo ingefika herufi milioni kadhaa, za kumtumia kila anayebisha hodi. Royalty alikipa kila kisanduku biti moja tu: 1 kikiwa na vema, 0 kikiwa kitupu. Biti nane ni baiti moja. Kwa hiyo uwanja wote, kila kisanduku mahali pake, ulienea katika baiti 125,000. Picha moja tu ya harusi uliyopiga kwa simu huuzidi mara nyingi. Hesabu hii nimeirudia mara kadhaa kwenye karatasi, na kila mara hunipa raha ileile ya kuona khanga pana ikikunjwa mpaka inafichika kiganjani.

Halafu kuna kutuma. Anayeingia anapewa uwanja mzima mara moja. Baada ya hapo anapelekewa mabadiliko tu, tena yaliyofungwa mafungumafungu. Lakini mtandao hudondosha vitu njiani, hasa kwa mtu aliye ndani ya basi. Kwa hiyo kila baada ya muda uwanja mzima hutumwa upya, ili aliyepitwa na badiliko moja asiendelee kuona kitu ambacho hakipo. Ni uangalifu ambao nimewahi kuusahau katika fomu ya kazi, iliyohusu fedha za watu.

Na kivinjari je? Kukiambia kichore visanduku milioni kwa mpigo ni kukiua, simu ndiyo kabisa. Basi huchorwa vile tu vinavyoonekana kwenye skrini. Ukiskroli, vilivyopita juu vinaondolewa na vipya vinawekwa kabla jicho halijafika. Mchezaji anaona uwanja mpana mbele yake, kumbe anatandikiwa mkeka kila anapokanyaga.

Jambo jingine ni dogo, nami ndilo ninalolipenda zaidi. Palipo na uwanja mtupu na watu wasiojulikana, mtu atachora matusi. Royalty aliliona hilo mapema, akauacha upana wa kila mstari ufuate upana wa skrini. Mchoro ulionyooka kwenye kompyuta ukawa vurugu tupu kwenye simu. Hakuweka mlinzi wala orodha ya makatazo. Alipanga mistari tu, na matusi yakakosa pa kusimama.

Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Seva zikaelemewa, akaongeza nyingine, na baadaye sehemu ya seva iliyoandikwa kwa lugha ya Python ikaandikwa upya kwa lugha ya Go. Katika majuma mawili alama za vema zilizotiwa zilifika milioni 650. Ukigawanya kwa sekunde, ni zaidi ya 500 kila sekunde, usiku na mchana. Nyingi hazikutiwa kwa vidole. Watu walishaandika programu za kubofya kwa niaba yao.

Siku moja Royalty alikuwa akichungulia hifadhidata yake, akazisoma zile baiti kana kwamba ni maandishi. Akakuta anwani ya wavuti. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amevamiwa. Hakuwa amevamiwa. Mtu alikuwa ameandika kwa kutumia visanduku vyenyewe. Herufi A katika kompyuta ni 01000001: kisanduku kitupu, chenye vema, vitano vitupu, chenye vema. Jirani akikifuta kimoja, programu inakirudisha. Mamia ya maelfu ya watu walipita juu ya maandishi yale wasione kitu. Yaliandikwa kwa ajili ya mtu atakayefikiri, kama mjenzi alivyofikiri, kwamba chini ya visanduku kuna biti.

Anwani ile ilielekea kwenye kundi la vijana, wengi wao wa umri wa sekondari. Walikuwa wamegundua pia kwamba biti 1,000,000 ukizipanga 1,000 kwa 1,000 unapata turubai la mraba, ambalo halijali upana wa skrini ya mtu. Humo wakachora. Walichora hadi msimbo wa QR. Ule mpango wa mistari uliozuia matusi haukuwazuia hawa, kwa sababu walishuka ngazi moja chini yake na kukuta ukuta safi. Royalty angeweza kuwafungia nje. Badala yake aliingia katika kundi lao, akazungumza nao.

Sijui fomu yangu hata moja iliyomfanya kijana ajifunze hesabu ya namba mbili. Fomu nzuri huishia pale haja ya mtumiaji inapoishia. Huo ndio uzuri wake. Ukurasa ule haukuwa na haja ya kutimiza, kwa hiyo aliyetaka kushuka aliweza kushuka hadi sakafuni, na sakafu ilikuwa imepigwa msasa.

Hata kuufunga alikufanyia ufundi. Kuzima seva kungemchukua dakika moja. Yeye alibadili kanuni: kisanduku chenye vema kisipofutwa upesi, kinaganda. Waliopigania vema na waliopigania ufutio wakaendelea kushindana huku uwanja ukijaa kidogo kidogo, hadi pakawa hapana pa kubofya.

Jumatatu iliyofuata nilifungua fomu ya mkopo niliyokuwa nimeikabidhi kwa mteja mwaka mmoja nyuma. Kisanduku cha mwisho kilikuwa kidogo mno. Nikakikuza, nikayafanya na maneno yaliyo kando yake yakubali kubofywa, kisha nikaijaribu kwa kidole gumba, simu ikiwa mkono mmoja, kama anavyoishika mtu aliyesimama ndani ya daladala.