Kazi ya wakala ikaguliwe palepale ilipofanyika

Juni 2025 kampuni ya Dagger, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Solomon Hykes aliyeasisi Docker, ilitoa programu huria iitwayo container-use. Programu hiyo humpa kila wakala wa akili mnemba anayeandika msimbo mazingira yake, yaani kontena lake na tawi lake la Git, ili mawakala watatu wakifanya kazi kwa wakati mmoja wasikanyagane. Msimamizi huyaona mazingira yote kwa amri moja, kisha huhama kutoka moja hadi jingine kwa amri fupi. Amri za kuhama ni mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyochukuliwa: checkout hukuletea tawi la wakala kwenye kompyuta yako, terminal hukuingiza ndani ya kontena lenyewe. Ya kwanza huhamisha faili tu. Toleo la kanzidata, maktaba na mipangilio ya lugha vinabaki vya kwako. Ukiijaribu kazi baada ya checkout, unaupima msimbo wa wakala katika mazingira ambayo wakala hakuyaona, na jibu utakalopata halimhusu yeye peke yake.

Chukua jina Ng'wandu, ambalo hapa Usukumani halimshangazi mtu. Seva nyingi za Linux hupanga maneno kwa kanuni za maktaba ya glibc, na toleo lake la 2.28, la Agosti 2018, lilizibadilisha kanuni hizo. Kabla ya hapo, katika mipangilio iliyozoeleka ya Kiingereza cha Marekani, ritifaa ilirukwa kwanza, hivyo Ngasa alimtangulia Ng'wandu. Baada ya hapo ritifaa inahesabiwa, na Ng'wandu ndiye anayetangulia. PostgreSQL inayotegemea kanuni hizo hupanga faharasa zake kwa kuzifuata. Ukihamisha faili za kanzidata kutoka seva ya zamani hadi kontena jipya bila kuijenga faharasa upya, unaweza kulitafuta jina ukaambiwa halipo, na lipo. Katika matoleo ya zamani ya PostgreSQL hakuna hata onyo linalotokea. Msimbo haujabadilika hata herufi moja, kwa hiyo hata ukiusoma mstari kwa mstari hutaliona kosa. Litaonekana kwa anayeingia humo na kutafuta.

Wilaya ya Magu, hukuhuku Usukumani, ina ushahidi wa tangu kabla ya mawakala hawa kwamba mahali pa ukaguzi huamua ubora wake. Katika kata ya Kisesa, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) imekuwa ikifuatilia kaya tangu 1994. Mwaka 2015 watafiti walianza kuziunganisha kumbukumbu hizo na za Kituo cha Afya Kisesa. Programu yao, iliyofuata hesabu za Fellegi na Sunter za 1969, ililinganisha majina matatu, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi na la mtu wa kaya moja, kisha ikatoa orodha ya wanaoelekea kufanana. Uamuzi haukuachiwa programu. Mtumishi alikaa na mgonjwa kituoni, akamuuliza, ndipo akachagua. Orodha hizo zingeweza kulinganishwa ofisini baadaye, lakini mwenye jina angekuwa ameshaondoka na maelezo yake.

Pingamizi zito zaidi ninalolijua dhidi ya kukagua ndani ya kontena ni hili: programu anayoiandika wakala itaishia kwenye seva, tuseme ya kituo cha afya, si kwenye kontena la wakala, sasa kwa nini jaribio la ndani ya kontena liwe na uzito kuliko la kompyuta yangu? Kwa sababu mazingira ya kontena yanaweza kuandikwa na kujengwa upya popote, wakati kompyuta yako hakuna aliyeiandika ilivyo. Likizuka kosa kwenye seva, una mahali pa kuanzia kulinganisha. Pingamizi la pili ni la gharama. Makontena yanayotokana na taswira (image) moja hutumia kwa pamoja tabaka zake, hayaipakui upya kila mara, lakini upakuaji wa kwanza unakula bando kwelikweli, na kila kanzidata inayowashwa inakula kumbukumbu ya mashine. Kwenye kompyuta dhaifu, tumia mawakala wawili, achana na watano.

Wengine huliona kontena kama ukuta wa siri. Sivyo. Kwa kawaida linatumia kiini kilekile cha mfumo wa mashine, na anachosoma wakala mara nyingi husafiri hadi seva za mwenye modeli ng'ambo. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwa hiyo taarifa za wagonjwa zisiingie humo kabisa, wakala apewe majina ya kubuni, yakiwemo yenye ritifaa.

Linabaki suala la uchovu, na hili halina dawa ya kiufundi. Mazingira yakiwa mengi, mtu huunganisha kazi bila kuingia ndani. Amri ya merge huleta kazi pamoja na historia ya wakala. Apply huleta mabadiliko ambayo hayajathibitishwa, mpaka mtu ayathibitishe kwa jina lake. Kwa programu inayogusa kumbukumbu za wagonjwa nachagua apply, ingawa historia ya hatua kwa hatua haiingii katika tawi langu, kwa sababu siku faili la mgonjwa likikosekana kutakuwa na mtu wa kuulizwa.