Ushahidi wa Chuma

Corolla iliyoundwa Japani kati ya 2000 na 2006 haiitwi Corolla mitaani kwetu. Muuzaji wa Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, huiita NZE, na mnunuzi humwelewa papo hapo. Jina hilo limetoka kwenye kibati cha gari lenyewe: NZ ni ukoo wa injini, E ni alama ya Corolla. Kwa hiyo kila anayesema "nauza NZE" anatoa ushahidi kuhusu kitu ambacho pengine hajawahi kukitazama, maana gari la umbo lilelile lilitoka kiwandani pia likiwa ZZE, lenye injini ya lita 1.8 ya ukoo mwingine. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu: kutambua kwa hakika ni injini gani imo ndani ya gari kuukuu. Wengi huihesabu kuwa utangulizi tu wa matengenezo. Mimi naihesabu kuwa ufundi kamili, kwa sababu msingi wake ni kupima mashahidi na kunyamaza mpaka wapatane.

Mashahidi wanahitajika kwa kuwa gari lina historia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, hivyo Corolla ya 2006 unayoiona barabarani imekaa mikononi mwa Wakenya kwa zaidi ya muongo. Muda huo unatosha kabisa injini kukosa maji, kuunguza gasketi, kung'olewa, na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine ya ex-Japan iliyonunuliwa Kirinyaga Road au Industrial Area, Nairobi. Viungo vikibadilishwa, karatasi haijibadilishi. Ndiyo maana fundi hodari huwapanga mashahidi wake kwa daraja. Nembo ya buti ni dhaifu kuliko wote, kwani yeyote anaweza kuibandika. Logbuku ina uzito zaidi, ila husema yaliyoandikishwa. Kibati kilicho chini ya boneti husema kilichofungwa kiwandani. Namba iliyogongwa kwenye bloku ndiyo pekee inayoizungumzia injini iliyomo leo.

Chukua Probox, gari la kazi lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. NCP50 ilikuja na injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, NCP51 ikaja na 1NZ-FE ya lita 1.5. Fungua boneti za zote mbili: koili nne zimekaa juu ya plagi, na taiming ni ya cheni. Hata kipenyo cha silinda ni kimoja, milimita 75. Zinaachana kwenye mwendo wa pistoni, ambao ni milimita 84.7 kwa kubwa na 73.5 kwa ndogo. Milimita kumi na moja na kidogo, zimefichwa ndani ya chuma. Jicho haliwezi kuziona bila injini kufunguliwa. Basi fundi huinama na tochi yake, akafuta grisi na vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapaka chaki juu ya chuma na kupangusa taratibu. Namba zilizozama zinabaki nyeupe, zinasomeka. Lakini hasomi namba peke yake. Anausoma na uso unaozizunguka: kama umesagwa ukalainika huku bloku nzima ikikwaruza, kama tarakimu zimeacha mstari. Akiona hivyo, swali halihusu tena aina ya injini, linahusu ilikotoka.

Kisha kuna kuelewa kilichosomwa. Mara ngapi tunasikia "hii ni injini ya VVT-i"? Maneno hayo yameandikwa juu ya kava, lakini yanataja mfumo wa kurekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu, nao umo kwenye 1NZ, 2NZ, 1ZZ, 1AZ na nyingine nyingi. Mwenye duka la spea hawezi kukuchagulia gasketi kwa neno hilo. Herufi moja, kinyume chake, inaweza kubeba mengi. RAV4 ya miaka hiyo inaweza kuwa na 1AZ-FE au 1AZ-FSE, zote za lita 2.0. Ile S inasema kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya shinikizo kubwa. 1AZ-FE haina kabisa pampu hiyo, na mnunuzi aliyeirukia herufi hiyo ataijua siku pampu itakapomdai.

Mtu atasema kwamba simu imemaliza kazi hii: ingiza namba ya chesisi, upate jibu. Simu inafaa, na fundi mwenye busara huanza nayo. Ila chesisi inajua gari lilivyozaliwa, haijui lilivyoishi. Mwingine atasema mkongwe wa gereji hutambua injini kwa sikio. Naliheshimu sikio hilo. Linajua ugonjwa wa injini kabla ya kifaa chochote. Hata hivyo, ndugu wawili wa ukoo wa NZ hunguruma kwa sauti zinazokaribiana mno, na pesa ya spea haitolewi kwa kukisia. Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba gari likiwaka na kuvuta, jina la injini ni la nini? Ni la siku litakapokataa kuwaka. Ni la siku ya kuliuza pia, kwa kuwa injini iliyobadilishwa bila NTSA, mamlaka ya usafiri, kujulishwa humwachia mnunuzi mzigo wa kueleza asichokijua.

Syokimau ilipewa jina la nabii wa Wakamba anayesimuliwa kuwa aliona reli kabla haijaja, akaitaja kama nyoka mrefu. Utabiri husubiriwa vizazi. Neno la fundi hupimwa jioni ileile, spea ikikaa au ikikataa kukaa, na anayekubali kupimwa hivyo kila siku anastahili heshima. Kwa hiyo, kabla hujalipia gari kuukuu, mwombe fundi akuonyeshe namba kwenye bloku, uilinganishe mwenyewe na logbuku. Na akimaliza, mlipe kwa kazi hiyo, hata kama hakushika spana.