DAC yangu ilimeza sauti ya tatu

Tangu niweke picha ya kale kasanduku keusi juu ya meza yangu, watu wameniuliza swali moja tu: "Masta, iko kitu kweli ama iko biashara?" Naomba nijibu mara moja na kwa urefu, nisirudie kila siku. Jibu langu halitafurahisha wauzaji. Hata mimi niliyelipa dola 90 halinifurahishi sana.

Kwanza kasanduku kenyewe. Wanakaita DAC, yaani kigeuzi. Ndani ya laptopu sauti ni namba tupu. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinachagua ngazi moja kati ya 65,536. Sikio halisikii namba. Lazima zigeuzwe ziwe umeme unaopanda na kushuka, ule umeme usukume bafle ama kaske, hewa itikisike, njo usikie. Kila laptopu na kila telefone iko na kigeuzi chake ndani tayari. Haka ka mezani kanafanya kazi ileile, ila kako nje, mbali kidogo na makelele ya umeme yanayojaa ndani ya mashini.

Mimi sikukanunua kwa ajili ya rumba, ijapokuwa mji uliomzaa Koffi Olomide hauhitaji sababu ya kusikiliza rumba. Memwari yangu inahusu lokole, ile ngoma ya gogo la kuchimbwa, ya ndugu zetu Walokele wa kule chini ya mto, Yakusu mpaka Isangi. Nilishuka na pirogi mara tatu, nikarekodi wazee wakipiga, na nikarudi na masaa sita ya sauti kwenye telefone.

Kwa wasiojua: lokole haipigi alama za siri kama telegrafu. Inasema lugha yenyewe. Kilokele ni lugha ya toni, juu na chini, na gogo lina midomo miwili, mmoja unalia juu, mwingine chini. Mpigaji anatoa toni za maneno bila maneno. Shida ni kwamba maneno mengi yana toni sawa. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu na kutoa kitabu chake *Talking Drums of Africa* mwaka 1949, alionyesha kuwa neno la mwezi na neno la kuku kwa Kilokele yana toni zilezile. Basi mpigaji hasemi "mwezi" na kunyamaza. Anaongeza msemo mrefu, kwamba mwezi unaitazama dunia kutoka juu, na kuku naye anapewa msemo wake. Urefu ndio unaotofautisha.

Sasa muone hatari. Kama toni ni mbili tu na kila kitu kinasimama juu ya hizo mbili, mtu anayesikia tatu amevunja nyumba nzima. Na mimi nilikuwa nasikia tatu.

Miezi minne nilisikiliza rekodi kwa laptopu yangu na kaske ya dada yangu. Nyuma ya kila pigo la chini nilisikia mngurumo mwingine, mdogo, unaovuta mkia. Ulikuwa unarudi kila mara, wazi kabisa. Nikaandika kurasa mbili juu yake. Niliuita "mwangwi wa tatu", nikasema pengine wapigaji wanautumia kufunga msemo, na kwamba watafiti waliotangulia hawakuusikia kwa sababu ya vyombo vyao vya zamani. Kusema kweli nilikuwa najisikia. Mtu wa Mangobo anaenda kumsahihisha Carrington!

Njo nikanunua kasanduku, ili nisikie ule mwangwi vizuri zaidi na niupime. Nilikusanya pesa kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu. Mfanyabiashara mmoja akanileteea, kakafika juu ya toleka, kamefungwa ndani ya gazeti kama samaki.

Usiku wa kwanza nilikaribia kulia. Nilichomeka, nikavaa kaske, nikafungua rekodi ya mzee wa Yakusu. Pigo la juu lilikuja. Pigo la chini lilikuja. Nyuma yake hakuna kitu. Sauti ilikuwa kavu na ndogo, kama mtu aliyefunga mlango. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja akasikiliza, akanirudishia kaske: "Ndugu, laptopu iko inapiga kuliko hiki kitu. Wamekuibia." Nikamuamini. Nikaandika kwenye daftari: kifaa kibaya, kinameza sauti ya chini.

Kabla ya kukarudisha sokoni nilisema nijaribu kila kitu, kwa mpangilio, moja baada ya nyingine. Hapa wenye shida kama yangu mfuate.

Kwanza nilihakikisha mashini inatoa sauti kupitia kasanduku kweli. Windows ikiona kifaa kipya inaweza kuendelea na cha zamani bila kukuambia. Bofya alama ya sauti chini kulia, chagua jina la DAC. Kama una Windows 10 iliyopata sasisho la 2017 ama la baadaye, programu ya kuendesha vifaa hivi vya USB imo tayari. Rafiki yangu mwenye Windows 7 alihangaika siku mbili mpaka akaiweka mwenyewe.

Pili, kulikuwa na vidonda vidogo ndani ya sauti, tik, tik, kama mchanga ndani ya wali. Nilikuwa nimechomeka kasanduku, flashi na panya kwenye tundu moja la kugawanya. Nikakahamisha moja kwa moja kwenye laptopu, nikabadilisha kable. Tik zikakwisha.

Tatu, kipimo. Telefone yangu inarekodi mara 48,000 kwa sekunde, na kasanduku kalikuwa kamewekwa 44,100. Mashini inatafsiri katikati bila shida kubwa, lakini kwa kazi ya utafiti nikaona afadhali vilingane. Nikaweka 48,000. Sauti haikubadilika kwa sikio langu. Ninaandika hivyo ili msije mkadanganywa.

Nne, ndipo nilipoangukia. Ndani ya mipangilio ya sauti kuko sehemu ya "maboresho". Kwa kasanduku ilikuwa tupu. Nikafungua mipangilio ya kaske ya laptopu yenyewe, nikakuta visanduku viwili vimetiwa alama, na mimi sijawahi kuvigusa: kimoja cha kuongeza sauti ya chini, kingine cha kusawazisha nguvu. Hicho cha pili kazi yake ni kushusha kilicho kikubwa na kupandisha kilicho kidogo, ili filamu isikike vizuri usiku.

Fikiria sasa kinavyofanya kwa lokole. Pigo linakuja kubwa, mashini inalibana. Pigo linaisha, kimya kinaanza, mashini inadhani sauti imepotea, inapandisha kila kilichobaki: mkia wa gogo, upepo wa mtoni, mtikisiko wa telefone juu ya benchi. Na juu ya hapo kile kingine kinaongeza uzito wa chini. Huo njo ulikuwa mwangwi wangu wa tatu. Mpigaji wake ni laptopu.

Niliondoa alama zote mbili, nikasikiliza tena kwa tundu la kawaida la laptopu. Mwangwi haukuwepo. Nikarudisha alama, ukarudi. Nikafungua rekodi kwa Praat, ile programu ya bure ambayo sisi wa lugha tunaitumia, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Inachora sauti kama picha. Nyuma ya pigo la chini kulikuwa na mkia mwembamba unaofifia, kama ngoma yoyote. Pigo la tatu halikuwepo. Kurasa mbili zimekufa.

Nilienda kwa direkta wangu wa memwari na aibu yangu. Sikuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Na wazee, uliwauliza kama wanasikia tatu?" Nikanyamaza. Sikuwa nimewauliza. Miezi minne niliuliza mashini, na wale wanaojua lugha walikuwa safari moja ya pirogi kutoka kwangu. Hapo nilielewa kwamba kosa langu kubwa halikuwa la kifaa.

Basi kasanduku kenyewe kana thamani gani? Tuwe na haki. Nilimwomba mwenzangu abadilishe kaske kati ya laptopu, maboresho yakiwa yamezimwa, na DAC, bila mimi kuona. Kwanza tulilinganisha nguvu ya sauti, kwa sababu sikio linapenda kilicho kikubwa na kukiita kizuri. Kwa muziki, mara kumi, nilipatia sita. Ni kama kurusha sarafu. Nyimbo zetu nyingi tunapitishana kwa WhatsApp na Bluetooth, zimeshabanwa mara mbili tatu. Kilichotupwa huko hakirudi, hata ukinunua kigeuzi cha dola elfu.

Kwa rekodi za sauti ndogo mambo ni tofauti. Nikipandisha sauti kwa laptopu, nyuma kuko "shhh" inayofunika mzee anapozungumza mbali na telefone. Kwa kasanduku ile shhh karibu haipo. Nilipata maneno mawili ya hotuba ambayo nilikuwa nimeyaacha na alama ya swali. Kwa mtu wa kuandika sauti za watu, hilo si dogo. Kitufe chake cha sauti pia ni kizuri, kizito mkononi, unapandisha taratibu.

Kasoro ziko. Pale juu wameandika biti 32 na vipimo 768,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu likiwa zima linafika karibu mitikisiko 20,000, na ili kukamata mtikisiko unahitaji vipimo zaidi kidogo ya mara mbili yake. Hesabu hiyo CD imeshaitimiza. Zile namba kubwa ni za kuuzia. Kwenye telefone yangu kanakataa, eti umeme hautoshi. Na karatasi ya maelezo haisemi neno moja juu ya mngurumo, ambao hapa kwetu ni lazima uupate.

Ule mngurumo nauelezea, maana wengi mtaukuta. Nilipounganisha bafle zenye umeme wake, kulitoka "mmmm" isiyokatika, hata muziki ukisimama. Shaja ya laptopu ilikuwa prizi ya ukuta huu, bafle prizi ya ukuta ule, na kable ya sauti ikafunga duara kati yao. Umeme wa ukutani, unaotikisika mara 50 kwa sekunde, ukatembea ndani ya lile duara. Kujua kama ni hiyo: chomoa shaja, laptopu ibaki na batri. Mngurumo ukikatika, umempata mwizi. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye multiprizi moja, ama kusikiliza na batri. Kuna fundi aliyeniambia nikate mguu wa ardhi wa fishi. Msifanye hivyo. Ule mguu upo ili usife, na kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa hasira, mtauhitaji. Siku za delestaji mimi nafanya kazi na batri na kaske, na kusema kweli sauti njo inakuwa safi kuliko siku zote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama una dola 90 na huna kaske nzuri, nunua kaske kwanza, tofauti utaisikia bila kuambiwa. Kama unasikiliza muziki wa telefone tu, tunza pesa yako. Kama unarekodi watu na kuandika wanachosema, kasanduku kanasaidia, ila leo kabla ya kulala fungua mipangilio ya sauti ya mashini yako, uone nani amekuwa akiongeza chumvi ndani ya chakula chako. Hilo ni bure.

Wiki iliyopita nilishuka tena Yakusu, bila kasanduku. Nilimchezea mzee rekodi yake na maboresho yakiwa yamewashwa, nikamuuliza anasikia nini nyuma ya pigo. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huyo si mimi," alisema. Nimeandika jibu lake kwenye memwari, pale pale zilipokuwa zile kurasa mbili.