Soko na Mkahawa Wake

Vijana wetu hufundishwa shuleni namna ya kuhakiki shairi. Huulizwa kama vina vimetimia, kama mizani imekaa sawa, na kama maneno yamebeba maana au yamejaza nafasi tu. Kazi hiyo ni njema. Lakini iko kazi nyingine ya akili na mikono ya binadamu ambayo kila mtu hukutana nayo kila siku, naye huipokea bila ya kuiuliza swali lolote. Nayo ni chakula. Mtu asiyeweza kuvumilia ubeti mbovu huvumilia mchuzi mbovu, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Katika insha hii nataka kukitia chakula katika mizani hiyo hiyo, na mahali nilipopachagua ni masoko ya kusini mwa Ghuba ya Winam pamoja na mikahawa iliyoyazunguka: Kendu Bay na Homa Bay kandokando ya ziwa, na Migori iliyo mbali na maji, katika njia kuu iendayo Tanzania.

Neno mkahawa lenyewe halitumiwi sana na wenyeji. Wao husema hoteli, hata kama nyumba ni ya mabati, ina meza mbili na haina kitanda hata kimoja. Jina si hoja. Hoja ni kwamba mkahawa ulio karibu na soko una bahati ambayo wapishi wa miji mikubwa huinunua kwa fedha nyingi. Samaki yuko hatua hamsini, mboga ziko hatua ishirini, na anayeuza nyanya huenda ni shangazi yake mpishi. Kwa sababu hiyo kipimo changu ni kimoja tu: kile kilichouzwa sokoni asubuhi, je, kimeonekana mezani adhuhuri? Mkahawa usiotimiza hilo ungeweza kuwa popote duniani, wala hauna haki ya kujisifia mahali ulipo.

Tuanze na Kendu Bay, kwa kuwa ndiyo yenye sura ya mji wa kale. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka ziwa, bandari ndogo za kusini zilipata uhai. Wahindi walifungua maduka, Waislamu walijenga msikiti, na mpaka leo Msikiti wa Tawakal ni fahari ya mji huo. Barabara baadaye ilizinyang'anya meli kazi yake, na gati likawa kumbukumbu. Lakini biashara ile ya zamani haikufa yote; sehemu yake imo katika sahani. Chapati, sambusa na pilau zilikuja kwa njia ya wafanya biashara wale, na leo hapana mtu wa Kendu Bay anayeziita chakula cha kigeni. Hata ugali wa mahindi, ambao wengi huapa kwamba ni wa mababu, umetokana na mmea uliovuka bahari kutoka Marekani. Ugali wa zamani hasa ulikuwa wa mtama na wa wimbi. Yeye mwenye kudai kwamba chakula cha kwao ni safi, hakikuchanganyika na cha mtu, aketi Kendu Bay mbele ya kikombe cha chai na ahesabu safari zilizomfikia.

Karibu na mji huo liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji mahali hapo. Usiku mmoja wa karamu alifika kikongwe mwenye njaa, akafukuzwa mlango baada ya mlango, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemwonea huruma. Kikongwe akamwonya mwenyeji wake aondoke, na usiku ule ule mvua ikashuka, kijiji kikazama na watu wake wote. Hadithi hii haitaki tafsiri ndefu. Inatuonyesha tu kwamba katika nchi ile kumlisha mgeni hakukuhesabiwa kuwa jambo dogo, na kwamba mwenyeji angeweza kuhukumiwa kwa chakula alichotoa au alichonyima. Basi nami sidhani kwamba nafanya ukali usio na mfano nikiuliza mgeni wa leo anapewa nini.

Homa Bay ndipo swali hilo linapokuwa zito. Nenda ufuoni na sokoni mapema, kabla jua halijawa kali. Utawaona wanawake wameinamia beseni, wakipima kwa macho samaki aliyetoka majini usiku ule. Omena, wale dagaa wadogo wenye kung'aa, wameanikwa juu ya nyavu au wamelundikwa katika magunia, nao hupimwa kwa gorogoro. Mbuta mkubwa amelala juu ya meza, macho yamefunguka. Kamongo yupo, na mumi yupo, ikiwa siku ni njema. Lugha ya soko hilo ni tajiri: kila samaki ana jina lake, jina la udogo wake, na sifa ya namna anavyopaswa kupikwa. Kisha ingia mkahawani. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: ngege, ugali, sukuma wiki. Ukienda mkahawa wa pili utasoma maneno hayo hayo, na katika wa tatu pia. Samaki amekaangwa katika mafuta mengi mpaka amekauka, kisha, ukitaka, humwagiwa rojo la nyanya na vitunguu. Rojo hilo laweza kuwa tamu, nami sitalinyima sifa yake. Pamoja na ugali wa moto na pilipili ni mlo wa kumtosha mtu mzima. Lakini soko lenye lugha nzima limetoa meza yenye neno moja.

Na neno lenyewe si lile tunalolidhania. Ngege wa kwanza, yule aliyewalisha watu wa ziwa kwa vizazi vingi, karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Nyavu za kigeni za kutega zililetwa katika ghuba mwaka 1905, na uvuvi ukazidi nguvu hata mnamo 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham akatumwa kuchunguza hali ya samaki, naye akashauri kwamba matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. Baadaye, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, samaki wengine wa jamaa ya ngege wakapandwa ziwani kutoka kwingine, na mmoja wao, ambaye asili yake ni ya mto Nile na maziwa mengine, ndiye anayeitwa ngege leo. Tena katika miaka hii yako mabeseni ya samaki wa jamaa hiyo waliofugwa China, waliokuja Kenya katika barafu; mwaka 2018 jambo hilo lilizua ubishi mkubwa, hata Rais Uhuru Kenyatta akalisemea. Na sasa wako wanaofugwa katika vizimba ndani ya ziwa lenyewe, ambavyo katika maji ya Homa Bay vimekuwa vingi.

Ndugu msomaji, tungesemaje juu ya kitabu ambacho jalada lake halibadiliki, lakini kurasa zake zimebadilishwa mara tatu bila ya msomaji kuarifiwa? Hatungesema kwamba kurasa mpya ni mbaya zote. Samaki wa kizimba aliyetolewa majini alfajiri ana nyama nzuri, na pengine ndiye atakayewapumzisha wale wa ziwani. Tungesema tu kwamba mwenye kitabu ana deni la kusema kweli. Mkahawa wa Homa Bay wenye kuandika ubaoni "ngege wa kizimba" au "ngege wa nyavu" ungekuwa umefanya jambo dogo la chaki, lakini jambo la heshima.

Sasa nije kwa chakula ambacho wakosoaji wengi hukipita wakitazama pembeni, nacho ni mgongo wazi. Mbuta alipandwa ziwani katika miaka ile ile ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu, wale samaki wadogo wa namna mamia, karibu kuwamaliza. Viwanda vikajengwa vya kumchuna minofu, minofu ikafungwa katika barafu ikapelekwa Ulaya. Kilichobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama iliyong'ang'ania mifupani. Wanawake wakavinunua, wakavikaanga katika makarai makubwa kando ya njia, na mtu mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, akavipa jina hilo la Kiswahili: mgongo wazi. Leo hata bondo lililomo tumboni mwa mbuta husafirishwa hadi China.

Hapa mhakiki lazima atoe hukumu mbili, wala asikubali moja ifunike nyenzake. Kama upishi, mgongo wazi ni kazi ya kusifiwa. Nyama ya kichwani ni laini, yenye mafuta yake mwenyewe. Mifupa ya pembeni ikikaangwa vizuri hutafunika. Na mpishi aliyepewa mabaki akatoa kitu cha kutamanika ana ufundi kumshinda yule aliyepewa samaki mzima akamkausha. Kama mpango wa kugawa riziki, ni jambo la aibu. Mtoto aliyezaliwa mahali anapoweza kusikia mawimbi hula mifupa ya samaki ambaye nyama yake iliondoka kwa ndege. Wako watu wanaosifu ladha ili wasizungumze juu ya mgawo, na wako wanaolaumu mgawo kwa ukali kiasi cha kuwadharau wanaokaanga. Wote wawili wamekosea. Mama mwenye karai hakuuza minofu Ulaya.

Omena nao wana kisa chao, ingawa ni kifupi. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, serikali hufunga uvuvi wao ili wapate kuzaana. Mkahawa mzuri ungeonyesha majira hayo: katika miezi ya wazi omena wabichi waliochemshwa kidogo na kutiwa nyanya, na katika miezi ya kufungwa wale wa akiba, walioanikwa, wakipikwa kwa maziwa ili ukali wao upungue. Katika mikahawa mingi, hata hivyo, omena hawamo ubaoni kabisa. Husemwa kwamba ni chakula cha nyumbani, maana yake ni kwamba mwenye mkahawa huona haya kumwekea mgeni kile anachokula yeye mwenyewe. Haya hiyo haina msingi wowote.

Migori ni mji wa namna nyingine, na sitakaa hapo kwa urefu huo. Hauna ufuo; una mto, barabara na mpaka. Samaki hufika kutoka Sori na Muhuru Bay, ndizi huteremka kutoka Kisii, wimbi hutoka kwa Wakuria, na bidhaa za Tanzania hupita Sirari na Isebania. Kwa kuwa ni mji wa wapitao, mikahawa yake imejifunza kuwa myepesi: chai, chapati, maharagwe, nyama ya kuchoma. Husikiki Kiluo peke yake mezani, bali na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, na mara nyingine mhudumu hutambua utokako kabla hujaagiza, kwa jinsi ulivyosema "naomba" au "nipe". Upesi huo ni sifa kwa dereva mwenye haraka, lakini si sifa kwa mboga.

Maana Migori ina mboga. Sokoni utapata osuga, yaani mnavu, na dek, ambayo ni mgagani, na majani ya kunde, na mlenda uitwao apoth. Mboga hizi zina uchungu na hazipendi haraka. Mpishi ajuaye huzichemsha, huchanganya mbili au tatu ili uchungu wa moja uzuiwe na ulaini wa nyingine, hutia maziwa, kisha huziinjika tena siku ya pili, na tena siku ya tatu, akiongeza maziwa kila mara. Huo ndio upishi wa kina hasa wa nchi hii, nao hautegemei fedha bali subira.

Wenye mikahawa wana jibu lao, na lafaa lisikilizwe. Husema kwamba mteja mwenyewe hutaka sukuma wiki, kwamba kuni na makaa ni ghali, na kwamba chungu kinachokaa jikoni siku tatu hakileti faida ya leo. Jibu hilo ni la kweli kwa nusu. Mteja hutaka alichozoeshwa; asiyeonjeshwa dek hawezi kuiagiza. Na kuhusu faida, ushahidi uko pale pale sokoni, katika vibanda vya turubai ambamo wanawake huwapikia wachuuzi wenzao. Vibanda hivyo havina ubao wala chaki. Wachuuzi ni wateja wagumu kuliko watalii, kwa sababu wanaijua bei ya kila jani lililomo chunguni, nao hurudi kila siku. Ukiketi nao kwenye benchi, mama mpishi atakuuliza kama unataka mboga ya leo au ya juzi. Ya juzi ndiyo bora, nayo huisha mapema. Ng'ambo ya barabara, katika hoteli yenye viti vya plastiki na kalenda ukutani, wakati huo huo wanakata kabichi.