Ratiba ya Mgeni wa Biashara Nakuru: Uchambuzi wa Safari Inayofika Rhonda

Ushauri unaotolewa kwa wasafiri wa kibiashara umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mazoea ya miji ya Ulaya na ya pwani ya Bahari ya Kati. Barcelona, ambayo tangu 2006 imekuwa mwenyeji wa kongamano kubwa la kila mwaka la simu za mkononi, inampa mgeni uwanja wa ndege ulio karibu, treni za mjini na kumbi za maonyesho zilizounganishwa vizuri, kiasi kwamba anaweza kukamilisha shughuli zake zote bila kukanyaga mtaa wanamoishi watu watakaotumia bidhaa yake. Ushauri wa aina hiyo ukipelekwa Nakuru jinsi ulivyo huzaa safari inayoanzia hotelini na kuishia hotelini, na ripoti inayozungumzia soko ambalo mwandishi wake hakuliona. Uchambuzi huu unachunguza jinsi ratiba ya mgeni wa biashara inavyopangwa ikapangika katika jiji hilo la Bonde la Ufa, na unautumia mtaa wa Rhonda kama kipimo, kwa kuwa ratiba inayoweza kumfikisha mgeni Rhonda, akazungumza na anayestahili kuzungumza naye na kurudi na jibu la kweli, itamfaa pia katika sehemu nyingine yoyote ya Nakuru.

Msingi wa kwanza wa ratiba ni umbo la jiji lenyewe. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na kitovu cha biashara kikakua kando ya stesheni. Upande wa kaskazini upanuzi ulizuiwa na mlima wa volkano wa Menengai, na upande wa kusini ukazuiwa na ziwa, ambalo mazingira yake yalitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kisha kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru mwaka 1968. Mji uliobanwa hivyo haukuwa na njia ila kunyooka kutoka mashariki hadi magharibi kwa kufuata barabara kuu, na hata baada ya kupewa hati ya kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, umbo hilo halikubadilika. Lanet na Free Area ziko mashariki, ilhali Kaptembwo na Rhonda ziko magharibi, na Rhonda imekaa karibu na mpaka wa hifadhi na bonde la Mto Njoro unaoelekea ziwani. Kwa hiyo mgeni aliyechagua malazi ya Lanet kwa sababu ya utulivu wake, na shughuli yake iko Rhonda, amejipangia kuukata mji mzima asubuhi na jioni, wakati ambao magari ya mizigo yanayokwenda Uganda na magari ya wakazi wanaokwenda kazini yanagombania barabara ile ile. Malazi hayana budi kuchaguliwa baada ya kujua mikutano iko wapi, jambo linaloonekana dogo lakini ndilo linaloamua kama siku itabeba mikutano minne au miwili. Inafaa pia kukumbuka kwamba wadi ya Rhonda huandikwa Rhoda katika orodha za uchaguzi na Rhonda katika maandishi mengine, hivyo anayetafuta takwimu au ramani atafute kwa majina yote mawili.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takribani kilomita 160, na wageni wengi wanaotua Nairobi humalizia safari kwa gari. Njia ya juu hupitia Limuru na kushukia Naivasha, na njia ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, ambako wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliojenga barabara hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia waliacha kanisa dogo kando yake. Malori mazito hutumia zaidi njia ya chini, na ajali moja mteremkoni inaweza kuzuia msafara kwa saa nyingi. Mvua za masika, yaani Machi hadi Mei, huongeza hatari: alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu yalipasua kizuizi, yakabeba nyumba na magari na kuua makumi ya watu. Maafa hayo yanatosha kumfanya mpangaji yeyote wa safari aache mazoea ya kuhesabu saa mbili na nusu na kumwekea mgeni mkutano saa tano asubuhi siku ile ile aliyotoka Nairobi. Safari iliyopangwa kwa uangalifu humfikisha mgeni Nakuru jioni ya siku iliyotangulia, kabla ya giza kuingia, na humwachia nafasi isiyopungua nusu siku kati ya kurudi Nairobi na kupanda ndege. Wiki ya mashindano ya magari ya Safari Rally ni ya kuepukwa kabisa na asiye na shughuli nayo, kwa sababu tangu mashindano hayo yarudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021 yamekuwa yakifanyika Naivasha, kwanza Juni na tangu 2024 Machi, na vyumba vya hoteli hujaa mapema huku barabara ikisongamana. Majira ya Krismasi hayana nafuu.

Upande wa karatasi na fedha hauhitaji maelezo marefu. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha mtindo wa viza na kuweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ifahamikayo kama eTA, ambayo mgeni anayehusika huiomba kabla ya kuanza safari, na ambayo haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, na laini hiyo ndiyo mlango wa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo Rhonda inatumika kulipia hata nyanya za shilingi ishirini. Kadi ya benki inafaa hotelini na katika maduka makubwa, lakini bodaboda, kibanda cha chakula na fundi hulipwa kwa simu au kwa noti ndogo. Kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa ni shilingi 250,000 na cha siku ni 500,000, kwa hiyo malipo ya shehena hupangwa kupitia benki mapema. Kwa kampuni inayolipa kodi nchini Kenya kuna sharti lisilosameheka: tangu tarehe 1 Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, kwa kawaida hayakubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi, na muuzaji ni vyema aulizwe habari hiyo kabla ya kulipwa.

Jambo lililo gumu, na ndilo linalostahili uzito wa uchambuzi huu, ni kumjua anayeamua. Makazi mengi ya Rhonda ni ploti, yaani kiwanja chenye safu za vyumba vya kupangisha ambavyo wapangaji wake hutumia kwa pamoja choo, bafu na mara nyingi bomba moja la maji. Mwenye ploti huenda haishi hapo, na shughuli za kila siku huachiwa msimamizi, aitwaye keateka. Mgeni anayeuza matangi ya maji, taa za jua, vyoo, majiko au huduma ya intaneti atakutana na wapangaji wanaoitamani bidhaa yake kwa dhati na kuisifu mbele yake, lakini wasio na mamlaka ya kutoboa ukuta wala kuchimba shimo. Hesabu ya soko inayotokana na sifa hizo ni hesabu ya matamanio.

Mfano bora wa jinsi kikwazo hicho kilivyoshughulikiwa unapatikana hapo hapo. Kuanzia 2012, mashirika ya Practical Action na Umande Trust, yakishirikiana na mamlaka za afya za Nakuru, yaliendesha katika Kaptembwo na Rhonda mradi wa usafi uliofuata mbinu ya usafi wa mazingira unaoongozwa na jamii. Mbinu hiyo ilizaliwa vijijini Bangladesh, ambako kaya inayotambua madhara ya kujisaidia ovyo huchimba choo chake yenyewe, kwa mikono yake na katika ardhi yake. Mjini mantiki hiyo ilikwama, kwa sababu aliyeguswa na mafunzo alikuwa mpangaji na mwenye uwezo wa kujenga alikuwa mtu mwingine. Kilichofanyika ni kuwatafuta wenye ploti popote walipokuwa, kuwaketisha pamoja na wapangaji na maafisa wa afya, kuwaonyesha aina za vyoo vinavyofaa ardhi na mfuko, na kuwafungulia njia ya mikopo ili gharama ilipwe pole pole kutokana na kodi ya nyumba. Hatua hizo, kwa mpangilio huo, zinamfaa mfanyabiashara kama zilivyolifaa shirika. Mkutano wa kwanza na uwe na chifu au naibu wake, pamoja na wazee wa nyumba kumi, yaani viongozi wa ngazi ya chini kabisa wanaozifahamu kaya kwa majina. Wa pili uwe na keateka, ambaye anajua nani amelipa na bomba gani limekauka. Na wa tatu uwe na mwenye ploti mwenyewe, ambaye mara nyingi hupatikana jioni au Jumamosi, hata kama ni kwa kumfuata mtaa mwingine. Mgeni aliyejitengea saa za ofisi pekee hatamwona mtu huyo wa tatu, na bila yeye hakuna mauzo.

Mnyororo huo wa biashara haukuishia chooni. Kampuni ya maji na majitaka ya Nakuru, NAWASSCO, ilianzisha utengenezaji wa makaa ya kupikia kutokana na kinyesi kilichokaushwa na kuchomwa kwa joto kali, kikachanganywa na vumbi la mbao na kufungwa kwa molasi, na makaa hayo yameuzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Mgeni anayekuja na nishati mbadala, akidhani kwamba anaingia mahali pasipo na mshindani, anafaa kuvitembelea vibanda vya chapati na maharagwe aone vinapikia nini kabla ya kupanga bei yake.

Maji na ardhi navyo vinadai uangalifu. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na athari zake huonekana katika meno ya kahawia ya watu waliokulia humo. Kwa mgeni wa siku nne hilo si tishio. Maji ya chupa au yaliyochemshwa humkinga na maradhi ya tumbo, ingawa kuchemsha hakuondoi floraidi. Kwa mwekezaji wa kiwanda cha vinywaji au chakula ni suala la gharama, na anafaa kupima maji kabla ya kutia saini mkataba wa kiwanja, kisha kujifunza teknolojia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyoendelezwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Udongo wa volkano wa upande wa magharibi ni mwepesi, na nyufa na mashimo yamewahi kufunguka baada ya mvua kubwa, kwa hiyo ripoti ya mhandisi wa udongo haipaswi kuachwa kwa kisingizio kwamba majirani walijenga bila hiyo.

Mengine ni mepesi. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na sweta inahitajika. Januari na Februari vumbi la Rhonda huharibu viatu vyepesi na kompyuta isiyofunikwa. Umeme ni wa volti 240 na soketi ni za pini tatu za mraba, ambazo plagi za Italia au Hispania haziingii bila kiunganishi.

Kampuni inayomtuma mtu wake Nakuru, iwe imemtoa Nairobi, Dar es Salaam au Marseille, na imwongezee katika bajeti siku mbili kamili za Rhonda, moja ikiwa Jumamosi, na isiipokee ripoti yoyote ya soko ambayo haitaji mazungumzo na mwenye ploti.